Mgonjwa wako amechomwa sindano ya kutuliza: ufanye nini, kuanzia wodini hadi nyumbani

Mgonjwa amesumbua usiku kucha: anang'oa kanula ya dripu, anataka kushuka kitandani, anamtukana nesi. Asubuhi unafika na uji kwenye chupa, unamkuta amelala fofofo, hata ukimwita jina hashtuki. Mama wa kitanda cha jirani anakunong'oneza kwamba alichomwa sindano ya usingizi. Hapo wengi wetu tunamshukuru Mungu kwamba amepumzika, tunakaa pembeni kusubiri aamke. Mwongozo huu ni kwa ajili ya asubuhi hiyo, kwa yeyote anayeuguza ndugu yake Dodoma, iwe mjini pale General au Benjamin Mkapa, iwe Mvumi, au hospitali ya wilaya kule Kondoa na Mpwapwa.

Dawa ya kutuliza ni tiba halali, na kuna nyakati inaokoa maisha. Ila lazima iwe na sababu inayojulikana, kiasi kinachojulikana, na siku ya kuiacha. Ikikosa kimojawapo, una haki ya kuuliza, na nakusihi uulize.

Hatua ya 1: Jua ni dawa gani

"Sindano ya usingizi" si jina la dawa. Muulize nesi kwa adabu akutajie jina, kisha liandike kwenye simu yako pamoja na saa aliyochomwa. Saa ni muhimu kama jina lenyewe, na utaona kwa nini mbele kidogo.

Mara nyingi utatajiwa moja kati ya makundi mawili. La kwanza ni diazepamu, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Valium, pamoja na ndugu zake lorazepamu na midazolamu. Hizi hupunguza wasiwasi, hulegeza misuli, huleta usingizi na huzima degedege. Diazepamu iliingia sokoni mwaka 1963, na hadi leo inapatikana karibu kila hospitali. Midazolamu huisha nguvu ndani ya saa chache. Diazepamu si hivyo: nusu yake huweza kuchukua siku moja hadi mbili kuondoka mwilini, na kwa mzee au mwenye ugonjwa wa ini hukaa zaidi. Kwa hiyo dozi ya leo usiku humkuta mgonjwa bado ana mabaki ya dozi ya jana.

Kundi la pili ni haloperidoli na klorpromazini, ile iliyozoeleka kwa jina la Largactil. Hizi ndizo dawa za ugonjwa wa akili, lakini hutumika pia kwa mtu aliyechanganyikiwa kwa sababu ya ugonjwa wa mwili. Hapa nisimame kidogo, maana sisi wa Dodoma tuna hospitali ya Mirembe mjini kwetu, na jina hilo limegeuzwa tusi mtaani. Nimeona familia ikikataa haloperidoli wodi ya kawaida kwa kuogopa kuambiwa ndugu yao ni "wa Mirembe". Kupewa haloperidoli ukiwa na homa kali hakumaanishi umekuwa kichaa. Na hata anayetibiwa Mirembe anatibiwa ugonjwa kama mwenye presha. Kabla klorpromazini haijaanza kutumika kwa wagonjwa wa akili kule Paris mwaka 1952, wengi duniani walikuwa wakifungiwa na kufungwa kamba miaka nenda rudi. Dawa hizi zimewarudisha watu wengi nyumbani kwao.

Unaweza pia kusikia prometazini, yaani Phenergan, dawa ya mzio inayoleta usingizi, au fenobabitoni, ambayo kazi yake hasa ni kifafa. Usizidharau kwa kuwa zimezoeleka. Phenergan huwachanganya wazee.

Hatua ya 2: Tafuteni kinachomhangaisha

Hii ndiyo hatua ninayoililia kuliko zote. Mgonjwa aliyekuwa mzima wa akili juzi, leo anaongea peke yake, hajui yuko wapi, anashikashika shuka, jioni anazidi na asubuhi anapungua: huyo ana sababu mwilini. Ukimlaza kwa sindano bila kuitafuta sababu, umezima king'ora na moto unaendelea.

Namkumbuka mzee mmoja kutoka vijiji vya Bahi, aliyefanyiwa upasuaji wa tezi dume. Usiku wa pili alianza kupiga kelele na kung'ang'ania kuondoka. Kiswahili kilimtoka kabisa, akawa anaongea Kigogo kitupu, na vijana wake wakawa wanamsihi daktari amchome alale. Nesi wa zamu alikuwa binti wa Kigogo. Akamsogelea, akamsalimia "Mbukwenyi, babu", akamfunua shuka taratibu. Chini ya kitovu tumbo lilikuwa limevimba na kukaza. Mpira wa mkojo ulikuwa umekunjwa chini ya paja lake, hautoi kitu. Aliponyoosha ule mpira, mkojo ukaanza kushuka kwenye mfuko, na kabla mfuko haujafika nusu mzee alikuwa amenyamaza. Akaomba maji, kisha akauliza ng'ombe wake nani anawachunga.

Kwa hiyo kabla hujaomba sindano, pitia haya pamoja na nesi. Amekojoa? Amepata choo siku hizi tatu? Ana maumivu ambayo hawezi kuyasema? Sukari imepimwa, hasa kama anatumia dawa za kisukari na hajala? Kile kifaa cha kidoleni kinasoma oksijeni kiasi gani? Ana homa? Malaria, UTI, nimonia na maambukizi ya kidonda vyote huweza kumchanganya mtu, na kwa mzee kuchanganyikiwa huweza kutangulia homa yenyewe. Je, amepewa dawa mpya jana? Miwani yake iko wapi? Kama hasikii vizuri, au hajui Kiswahili, kuna mtu anayemsemesha kwa lugha anayoielewa?

Jamaa mna kazi ambayo hakuna dawa inayoiweza. Mwambie yuko hospitali gani, leo ni siku gani, nani amekuja. Mchana afunguliwe dirisha apate mwanga, usiku taa zipunguzwe na simu zizimwe sauti. Akae mtu mmoja anayemfahamu, wasijazane kumi. Hayo hupunguza usumbufu mara nyingi kuliko watu wanavyodhani.

Sababu moja inahitaji kusemwa wazi, maana inafichwa kwa aibu: pombe. Mtu aliyezoea kunywa kila siku, iwe komoni, wanzuki, konyagi au mvinyo wetu wa zabibu, akilazwa ghafla anaachishwa pombe kwa nguvu. Kutetemeka na kutoka jasho huanza ndani ya saa 6 hadi 24 tangu alipokunywa mara ya mwisho. Degedege linaweza kufuata ndani ya siku mbili. Siku ya pili hadi ya nne anaweza kuona wadudu ukutani na kuweweseka, na hali hiyo huua. Kwa mgonjwa huyu diazepamu ndiyo tiba yenyewe, pamoja na vitamini B1, na akikosa yuko hatarini. Kwa hiyo daktari akiuliza kama baba anakunywa, usifiche kwa kumlindia heshima. Sema anakunywa nini, kiasi gani, na mara ya mwisho ilikuwa lini.

Hatua ya 3: Mwambie daktari mambo haya kabla ya dozi

Usisubiri kuulizwa, hasa usiku wodi ikiwa imejaa. Sema kama mgonjwa ana pumu au ugonjwa mwingine wa mapafu, au akilala hukoroma hadi pumzi inakatika. Sema kama ana ugonjwa wa ini, kifafa, ujauzito au ananyonyesha. Diazepamu hupita kwenye maziwa, na mama akiitumia sana mwishoni mwa ujauzito mtoto huweza kuzaliwa amelegea na kushindwa kunyonya vizuri.

Kisha dawa nyingine. Hatari kubwa ni dawa kali za maumivu kama morfini, pethidini na tramadoli. Zikikutana na diazepamu, zote mbili hupunguza kasi ya kupumua, na mwaka 2016 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliweka onyo lake kali zaidi juu ya mchanganyiko huo. Madaktari huutumia pale inapobidi, wakiwa wanamwangalia mgonjwa kwa karibu. Unachotakiwa kuzuia ni ule mchanganyiko ambao hakuna anayeujua, mfano tramadoli mliyonunua dukani mkamnywesha kabla ya kuja. Dawa za kifua kikuu nazo zitajwe: isoniazidi huchelewesha diazepamu kutoka mwilini, rifampisini huiondoa haraka. Flukonazoli, dawa ya fangasi, huichelewesha pia. Na mitishamba itajwe, hata kama bibi aliyeitoa amewaambia msiseme.

Kwa mzee aliyeanza kupoteza kumbukumbu, uliza mara mbili. Haloperidoli na jamaa zake zimehusishwa na vifo kwa wazee wenye ugonjwa huo, na FDA iliongeza onyo hilo kwa dawa hizi za zamani mwaka 2008. Zinaweza kutumika kwa muda mfupi akiwa hatari kwake mwenyewe au kwa wengine. Zisitumike ili wodi ipate utulivu.

Hatua ya 4: Saa za kwanza baada ya sindano

Hesabu pumzi. Weka mkono wako taratibu juu ya tumbo lake au tazama kifua kinavyopanda, na uhesabu dakika nzima kwa saa ya simu. Usihesabu sekunde kumi ukazidisha. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika. Zikishuka chini ya 10, au zikawa za kukatikakatika, au akakoroma kwa sauti ya kubanwa, au midomo na kucha zikageuka rangi, mwite nesi hapo hapo. Usimwonee haya. Wakati anakuja, mgeuze mgonjwa alale ubavu, kidevu kikiwa kimeinuliwa kidogo ili njia ya hewa ifunguke, isipokuwa kama ameumia shingo. Ipo dawa ya kupindua nguvu ya diazepamu, flumazenili, lakini kinachotangulia ni hewa na oksijeni.

Rudia hesabu hiyo kila baada ya dakika kumi hadi kumi na tano kwa saa ya kwanza, hasa kama alichomwa kwenye mshipa, ambako dawa hufanya kazi ndani ya dakika chache.

Sasa ile habari ya saa. Diazepamu ikichomwa kwenye msuli huingia kwenye damu polepole na bila mpangilio wa kutabirika. Robo saa inapita mgonjwa bado anahangaika, jamaa wanalalamika kwamba sindano haijafanya kazi, anaongezwa. Baadaye ya kwanza na ya pili zinafanya kazi kwa pamoja, na saa tisa za usiku wodi ina nesi mmoja kwa wagonjwa wengi. Ukiwa umeandika saa ya dozi ya kwanza, unaweza kumwambia nesi aliyeingia zamu, "Sista, samahani, alichomwa saa tano na nusu na mwenzio." Sentensi hiyo fupi ni ulinzi.

Usimlishe wala kumnywesha mtu aliye nusu usingizini. Uji unaweza kuingia kwenye mapafu na kumletea nimonia. Subiri awe macho, amekaa, anakujibu, na amemeza funda dogo la maji bila kukohoa. Asiende chooni peke yake siku hiyo: misuli imelegea, na klorpromazini hushusha presha mtu anaposimama. Mkalishe kwanza ukingoni mwa kitanda dakika chache, kisha asimame akiwa amekushika.

Kama amefungwa mikono kwa bandeji ili asijiumize, uliza nani ameagiza na atafunguliwa lini. Mtu aliyetulizwa kwa dawa, amefungwa, na amelala chali asiachwe bila wa kumwangalia hata kidogo. Akitapika hawezi kugeuka.

Hatua ya 5: Madhara yanayowashtua watu

Haloperidoli inaweza kuleta kitu kinachotisha sana kwa macho: shingo inapinda upande mmoja, macho yanageukia juu, ulimi unatoka na mgonjwa hawezi kuurudisha, akili yake ikiwa timamu. Vijana wa kiume hupatwa zaidi, mara nyingi katika siku za mwanzo. Familia nyingi hapo huona ni mapepo au karogwa, wanaanza kutafuta gari wamwondoe hospitali. Ni dawa hiyo hiyo. Daktari atampa dawa ya kuifungua, na kwa kawaida shingo hurudi ndani ya muda mfupi.

Homa kali ikiambatana na mwili kukakamaa wote, jasho na kuchanganyikiwa kuzidi ni jambo jingine. Hutokea mara chache, lakini ni dharura: dawa isimamishwe na daktari aitwe mara moja.

Kwa hapa kwetu naongeza jua. Klorpromazini hufanya ngozi iungue upesi, na dawa za kundi hili huupunguzia mwili uwezo wa kujipoza. Oktoba na Novemba, kabla mvua hazijaanza, joto la Dodoma linajulikana. Anayezitumia anywe maji, avae kofia na mikono mirefu, na asishinde shambani saa sita mchana.

Hatua ya 6: Kila raundi, uliza lini itaachwa

Dawa ya kutuliza huanzishwa usiku na daktari wa zamu, kisha hubaki kwenye chati kwa mazoea kwa sababu hakuna aliyeifuta. Raundi ya asubuhi ikifika kitandani kwenu, sema hivi: "Dokta, shikamoo. Jana usiku alichomwa diazepamu saa tano na nusu kwa sababu alikuwa anahangaika. Leo ametulia. Ataendelea nayo au inaachwa?" Umempa jina, saa na sababu. Daktari mzuri atashukuru. Jibu liandike.

Ndugu wengi huogopa kwamba kuuliza ni ukorofi na mgonjwa wao atatengwa. Naielewa hofu hiyo. Uliza kwa upole, mbele ya nesi, na mteueni mmoja wenu awe msemaji ili madaktari wasijibu swali moja mara tano.

Hatua ya 7: Siku ya kuruhusiwa

Fungua mfuko wa dawa hapo hapo dirishani, kabla hujatafuta bajaji. Ukiona diazepamu humo, uliza ni ya siku ngapi na ya kazi gani. Kwa kukosa usingizi au wasiwasi ni dawa ya muda mfupi, na ikizidi wiki mbili hadi nne mwili huanza kuizoea. Aliyeitumia kwa wiki nyingi asiiache siku moja, maana anaweza kupata mtetemeko, kukesha na hata degedege. Hupunguzwa kidogo kidogo kwa ratiba ya daktari.

Haloperidoli au klorpromazini aliyopewa kwa sababu alichanganyikiwa na malaria kwa kawaida huachwa akipona. Aliyepewa kwa ugonjwa wa akili wa kudumu, au anayechomwa sindano ya kila mwezi, hali yake ni tofauti kabisa. Huyo asiache kwa sababu anajisikia vizuri, wala kwa kuwa nauli ya kurudi kliniki imekosekana. Pigeni simu, ulizeni kama dawa inapatikana kwenye hospitali ya wilaya yenu.

Nyumbani, pombe isikaribie dawa hizi, hata glasi moja ya mvinyo wa sherehe. Asiendeshe bodaboda wala kusimamia mashine ya kusaga siku anapohisi usingizi. Diazepamu ni dawa iliyo chini ya udhibiti wa kimataifa kupitia mkataba wa mwaka 1971, na haitakiwi kuuzwa bila cheti cha daktari, kwa hiyo muuza dawa akikukatalia anafanya kazi yake. Usimpe jirani asiyelala, wala mtoto anayelia usiku. Ziweke juu, kwenye kopo linalofungwa.

Vidonge vikibaki baada ya siku aliyosema daktari, virudishe kwenye dirisha la dawa la hospitali mtakapokwenda kliniki. Kama dawa ilimletea madhara, mwombe mfamasia ajaze fomu ya taarifa ya TMDA, mamlaka ya dawa ya Tanzania, na jina la dawa liandikwe kwa kalamu nzito kwenye jalada la daftari la mgonjwa, ili daktari wa usiku ajaye alione kabla ya kuchukua bomba la sindano.